Nachingwea, Ruangwa na tetemeko lisilo na tarehe

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Kitovu kilikuwa karibu na Nsunga, wilayani Missenyi, kilometa kama 40 chini ya ardhi, na Wamarekani wa USGS walilipima kuwa na ukubwa wa 5.9. Watu 17 walikufa, mamia walijeruhiwa, nyumba kwa maelfu zikaanguka au kupata nyufa. Kesho yake mbunge wa Ruangwa akatua Bukoba na kuongoza maombolezo katika uwanja wa Kaitaba.

Ndiyo, mbunge wa Ruangwa. Kassim Majaliwa ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, tangu Novemba 2015, na akabaki hapo hadi 2025. Kwa utaratibu wetu shughuli za maafa ziko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa hiyo tetemeko la Kagera lilikuwa mzigo wa mtoto wa kusini. Kwetu Nachingwea watu walimtazama kwenye taarifa ya habari akipita kwenye vifusi, wakasikitika kwa dhati, wakamaliza kula. Nilisikia kauli ileile zaidi ya mara moja: poleni Wahaya, sisi huku hatuna mambo hayo.

Ni kweli hatuna? Nimekuwa nikisoma kuhusu jambo hili kwa muda mrefu, nikianza na ramani na kuishia kwa mafundi wa matofali, na leo nataka niyaweke yote mezani.

Tuanze na swali ambalo kila mtu huuliza kwanza. Litakuja lini?

Usiku wa Agosti 12, 2020 nilikuwa Dar, ghorofa ya tatu. Saa mbili na robo hivi kiti kikaanza kusogea chenyewe. Tetemeko lenye ukubwa wa karibu 6 lilikuwa limetokea baharini kusini mashariki mwa jiji, upande wa Mafia. Watu walishuka ngazi na kanga, wengine na taulo, na hapo chini kwenye maegesho ndipo nilipouona ujumbe wa kwanza: saa saba usiku linakuja lingine kubwa zaidi, wataalamu wamethibitisha, tuma kwa uwapendao. Kuna watu walilala kwenye magari. Saa saba ikafika, ikapita.

Jamani, hakuna mtaalamu hata mmoja duniani anayeweza kukupa saa. Wala siku, wala mwezi. Si kwamba hawajajaribu. Wachina walijaribu na mara moja walifanikiwa: Februari 4, 1975, huko Haicheng, mitetemo midogo ilikuwa mingi mno siku zile, maofisa wakaamuru watu watoke nje kwenye baridi kali, na tetemeko la zaidi ya 7 likaja jioni hiyohiyo. Maelfu na maelfu walipona. Dunia ikashangilia kwamba kitendawili kimeteguliwa. Mwaka uliofuata, Julai 28, 1976, mji wa Tangshan ulibomoka usiku bila onyo lolote la maana, na takwimu rasmi zinasema walikufa watu 242,000. Wiki mbili tu kabla ya hapo Wachina walikuwa wametukabidhi reli ya TAZARA. Watu wanaoweza kupasua milima ya Mbeya na kupitisha treni hawakuweza kujua kinachotokea chini ya mji wao wenyewe.

Wamarekani nao wakachagua kijiji cha Parkfield, California, ambako matetemeko yalikuja kwa mpangilio unaokaribia ratiba ya basi: 1857, 1881, 1901, 1922, 1934, 1966. Wakapiga hesabu, wakasema linalofuata litakuja kabla mwaka 1993 haujaisha. Wakafunga vipimo kila kona wakasubiri. Lilikuja Septemba 28, 2004.

Halafu kuna Italia, na hii inatugusa sisi waandishi. Mji wa L'Aquila ulitikiswa na vimitetemo kwa miezi, wananchi wakawa na hofu, kamati ya wataalamu ikakutana, na wananchi wakabaki na ujumbe kwamba watulie. Aprili 6, 2009 walikufa watu 309. Mwaka 2012 mahakama iliwatia hatiani wanasayansi sita na ofisa mmoja wa serikali. Magazeti mengi duniani yaliandika kwamba wamefungwa kwa kushindwa kutabiri. Sivyo. Kosa waliloshtakiwa nalo lilikuwa namna walivyopima na kueleza hatari, hasa kuwapa watu matumaini yasiyo na msingi. Wanasayansi wote sita waliachiwa kwenye rufaa mwaka 2014, yule ofisa akapunguziwa adhabu. Lakini ukitafakari utaona kwamba kumwambia mtu "hakuna kitu" ni utabiri pia. Na sisi kusini tumekuwa tukijitabiria hivyo siku zote.

Sasa turudi nyumbani, tuangalie ramani.

Kuna kitu kinaitwa bamba la Rovuma. (Wanajiolojia mnisamehe, narahisisha.) Bonde la Ufa tulilosoma shuleni si shimo tu la kupigia picha watalii, ni mahali Afrika inapochanika. Mchaniko wenyewe haukunyooka, umekatakata vipande, na kimojawapo ndicho hicho cha Rovuma, ambacho kinabeba kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Nachingwea na Ruangwa wamo ndani yake. Kasi ya kusogea ni milimita chache kwa mwaka, chini ya kasi ya kukua kwa kucha, na mmoja wa waliofanya kazi kubwa ya kupima mambo haya kwa GPS ni Mtanzania wa Chuo Kikuu Ardhi, Elifuraha Saria, aliyeongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu mwendo wa Bonde la Ufa lote.

Ukingo wa magharibi wa bamba hilo ni ziwa Nyasa. Huko ndiko Salima, Malawi, ilikotikiswa Machi 1989 na watu tisa wakafa, na Karonga, jirani kabisa na Kyela, ikatikiswa mfululizo Desemba 2009. Ukingo wa mashariki uko baharini, kwenye mgongo wa mwamba uitwao Davie. Huu una historia ya ajabu. Ni kovu la safari ya Madagaska. Zamani sana, wakati wa dinosaria wale wa Tendaguru ambao Wajerumani waliwachimba mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913 na kuwapeleka Berlin, Madagaska ilikuwa ikijitenga na pwani yetu na kuteleza kuelekea kusini, na mstari iliyoteleza nao ndio huo. Mstari haujafa. Mei 14, 1985 ulitoa tetemeko la zaidi ya 6. Na zaidi kusini, Februari 2006, Machaze nchini Msumbiji ilipata la 7.0, kubwa mno, sehemu ambayo wenyeji wengi hawakuwahi kufikiri kama ina habari hizo.

Kwa hiyo Nachingwea na Ruangwa ziko katikati, mbali kidogo na kingo zote mbili. Hilo ni jambo jema, na sitaki kumtisha mtu: hatari yetu ni ndogo kuliko ya Mbeya au Rukwa. Lakini angalieni Kagera. Lile la 2016 halikutokea kwenye ufa mkuu wa magharibi, lilitokea pembeni, upande wa ziwa Victoria.

Tatizo kubwa hapa ni kumbukumbu. Tetemeko linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote Afrika Mashariki katika karne ya 20 lilitokea Desemba 13, 1910, upande wa Rukwa, ukubwa wa 7.4. Muulize Mtanzania yeyote aliyemaliza chuo kikuu kama amewahi kulisikia. Tunajua Majimaji, tunajua Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini hilo lililoangukia katikati ya hayo mawili hatulijui. Aliyelifufua ni msomi wa London, Nicholas Ambraseys, aliyelikusanyia taarifa za zamani na kuchapisha utafiti wake mwaka 1991, miaka 81 baadaye. Ni kazi ya historia kama historia nyingine, unapekua makaratasi, unauliza nani aliona nini na nyumba ipi ilipasuka. Huwa najiuliza ni mangapi mengine yaliyotokea ambayo hakuna aliyekuwa na kalamu.

Na watu wa Nachingwea tuna somo letu la pekee kuhusu kuamua mambo kwa takwimu za siku mbili. Mwaka 1946 Uingereza ilituma ujumbe wa John Wakefield kuja kuangalia kama Tanganyika inafaa kulima karanga. Walizunguka kwa wiki tisa hivi, sehemu kubwa wakiwa angani kwenye ndege, wakaandika ripoti ya matumaini makubwa: zaidi ya ekari milioni tatu. Kongwa, Urambo na Nachingwea zikachaguliwa. Matingatinga yakaja, mji ukajengwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikawekwa. Mvua haikuijua ripoti. Kule Kongwa udongo ulikuwa ukikauka na kuwa kama sakafu. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikubali kwamba mradi umekufa na kufuta hasara ya pauni milioni 36 hivi. Reli yenyewe ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na leo ukiwasimulia vijana kwamba treni iliwahi kufika Nachingwea wanakuangalia kama umekunywa kitu.

Wataalamu wale hawakuwa wajinga. Walichokosa ni rekodi ndefu ya mvua, wakachukua miaka michache waliyoiona kuwa ndiyo tabia ya nchi. Sasa kipimo cha tetemeko ni kirefu zaidi ya kile cha mvua. Nyufa nyingine hukaa miaka mia tano au elfu bila kusema kitu. Vipimo vya kisasa ardhini kwetu vina umri wa miongo michache tu. Mtu anayesema "tangu nizaliwe sijaliona Ruangwa" anasema kweli, lakini ametoa ushahidi wa wiki tisa.

Haya, kama tarehe haijulikani, tunajiandaa kwa lipi? Kwa nyumba. Hapa ndipo nilipokaa zaidi, na hapa ndipo ninapoona kusini kumebadilika bila mtu kutangaza.

Nyumba ya zamani ya kwetu ni ya fito na udongo, ile inayotaniwa mbavu za mbwa, paa la nyasi. Inadharauliwa sana. Kwenye mtetemo inacheza, inamwaga udongo, fito zinashika. Hata ikianguka, nyasi haziui kirahisi. Kisha ikaja pesa ya korosho. Misimu ambayo mnada wa RUNALI (ushirika unaounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale) unatoa bei nzuri, unaweza kuiona korosho ikigeuka nyumba kwa macho yako: tanuri la matofali linafuka moshi kila upande, bati jipya linang'aa. Ufuta nao umeongeza. Ni maendeleo, na mimi ni wa kwanza kufurahi. Ila ukuta wa tofali la kuchoma, uliounganishwa kwa tope badala ya saruji, bila nondo, bila mkanda wa zege juu, ni mzito, ni mkavu na hauna kinachoushika. Ukisukumwa pembeni haupindi. Unaachana na mwenzake kwenye kona, unalala chini, na kenchi na bati vinafuata.

Ndicho kilichoonekana Bukoba. Picha zile zilijaa kuta za matofali zilizolala. Wenye kuta hizo hawakuwa maskini kuliko wote. Wengi walikuwa watu waliojikakamua kujenga "nyumba ya kudumu". Shule ya sekondari Ihungo, shule kongwe yenye majengo ya kuheshimika, iliharibika kiasi cha kujengwa upya. Na ile ilikuwa alasiri ya Jumamosi, watu wengi wakiwa nje. Ingekuwa saa nane usiku tungekuwa tunasoma namba nyingine kabisa.

Wahandisi wana msemo wa zamani kwamba tetemeko haliui, nyumba ndiyo inayoua. Mimi ningeongeza kwamba nyumba haijijengi. Kuna mwenye pesa, kuna fundi, na mjini kuna ofisa anayegonga mhuri kwenye kibali cha ujenzi. Vibali kwa ninavyoviona vinaangalia sana mipaka ya kiwanja na ramani, lakini ukuta ukishapanda ni nani anayerudi kutazama kama kona zimefungwa? Vijijini hata mhuri wenyewe haupo.

Kuhusu yaliyofuata baada ya Kagera nitapita haraka, maana yaliandikwa sana. Michango ilikuja kutoka kila pembe. Kabla Septemba haijaisha Rais Magufuli alitengua uteuzi wa katibu tawala wa mkoa na mkurugenzi wa manispaa ya Bukoba, kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Januari 2017 alikwenda mwenyewe Bukoba, akawaambia wananchi wazi kwamba serikali haikuleta tetemeko na haitamjengea kila mtu nyumba yake, fedha zitaelekezwa kwenye shule, hospitali na barabara. Wengi waliumia. Naelewa kwa nini, maana michango ilichangwa kwa jina la waathirika. Lakini kama ni sera, basi tuisome kama sera: ukuta wako ukianguka, ni wako. Ukishajua hivyo unaujenga namna gani?

Sheria ipo. Ya kwanza ya usimamizi wa maafa kwa maana ya kisasa ni ya 2015, mwaka mmoja tu kabla ya Kagera, na ikabadilishwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa Na. 6 ya 2022. Zinataka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Kwa mafuriko na upepo nimeona zikianza kuamka. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa na TMA siku kadhaa kabla, na ingawa mvua zilikata barabara ya kusini, watu walijua kinachokuja. Hata tsunami inatoa nafasi: ile ya Desemba 26, 2004 ilisafiri saa nyingi kutoka Sumatra hadi kuua watu pwani yetu, na hakuna aliyetuambia. Leo Bahari ya Hindi ina mfumo wa tahadhari, na kwa Tanzania TMA ndiyo yenye kazi ya kutangaza. Tetemeko halina hisani hiyo. Japani na Mexico wana mitambo inayowahi kupiga king'ora sekunde kadhaa kabla mtikisiko mkubwa haujafika, kwa sababu mawimbi ya kwanza ya tetemeko ni mepesi na yana mbio kuliko yale mabaya yanayofuata. Sekunde kumi zinamtosha mtu kutoka mlangoni. Hazimtoshi kujenga mkanda wa zege.

Mjomba wangu wa Ruangwa anajenga. Nilipopita mwaka jana nikakuta msingi umepanda, matofali yamepangwa, fundi anasubiri. Kwetu Wamwera mjomba si mtu wa kumfundisha kazi, kwa hiyo nilizunguka sana. Nilianza na Namungo na Simba, nikamweleza uwanja wa Majaliwa ulivyojaa siku ile, nikamuuliza jukwaa lote lile likitikisika watu watakimbilia wapi.

"Mpwa wangu, sema unachotaka kusema."

Nikasema. Kwamba kona ziunganishwe tofali kwa tofali, moja likiingia ndani ya jingine, zisiachwe na mwanya wa kujaza baadaye. Kwamba tope libadilishwe kuwa saruji na mchanga hata kama chumba kimoja kitasubiri msimu ujao. Kwamba milango na madirisha yasisogee karibu na kona. Na juu ya yote, kabla ya kenchi, linta isikatwekatwe juu ya madirisha tu bali izunguke nyumba nzima kama mkanda wa suruali, nondo nne zenye ringi, kenchi zifungwe humo. Siku ikitokea, aliye karibu na mlango atoke, aliye mbali aingie chini ya meza imara na kukinga kichwa, na asirudi ndani kufuata simu maana mitetemo ya nyuma huangusha kilicholegea.

"Na hilo tetemeko linakuja lini?"

"Hakuna anayejua, mjomba. Pengine wewe na mimi hatutaliona."

Alimwangalia fundi. Fundi aliangalia matofali. Kisha mjomba akaniuliza nondo za milimita 12 kwa sasa Dar zinauzwaje, na kama lori la kurudi kutoka kupeleka ufuta linaweza kuzibeba.